Gia za Mkono au Otomatiki? Fizikia ya Kupanda na Kushuka Mlima Meru

Anayenunua motokaa mjini Arusha siku hizi hukabiliwa na swali ambalo babu yake hakuulizwa: achukue gari la gia za mkono au la gia za otomatiki? Aghalabu soko humjibia, maana magari mengi madogo yaliyokwisha kutumika ambayo huletwa nchini kutoka Japani ni ya otomatiki. Hata hivyo mabishano hayaishi katika gereji na vijiwe vya mji ule. Wapo washikiliao kwamba otomatiki haina nguvu ya mlima, na wapo wasemao kwamba gia za mkono ni mambo ya kale. Kauli zote mbili hazisimami mbele ya fizikia ya sekondari, na kwa sababu hiyo jambo hili lastahili kuletwa darasani.

Kwanza tujiulize gia ni za nini. Injini ya petroli haiwezi kufanya kazi ikizunguka polepole mno. Ikishuka chini ya mizunguko mia kadhaa kwa dakika, huzimika. Tena kani yake ya kuzungusha haitoshi kulipandisha gari mlimani endapo itaungwa moja kwa moja na magurudumu. Hapo gia hufanya kazi ya wenzo. Gurudumu la meno 12 likilizungusha lingine la meno 48, hili kubwa huzunguka mara moja kila dogo lizungukapo mara nne, lakini kani huongezeka mara nne, tukiuacha msuguano kando. Hakuna kilichopatikana bure: kilichozidi katika kani kimepungua katika mwendo. Mwanafunzi aliyepata kupanda kutoka barabara kuu hadi Ilboru kwa baiskeli ya gia anaijua sheria hii kwa misuli ya mapaja yake.

Arusha huongeza tatizo la pili. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 13. Katika kituo cha Miriakamba, kwenye njia ya kupandia Mlima Meru, kimo ni kama mita 2,500 na upungufu hufikia asilimia 22 hivi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa ujazo ule ule, lakini oksijeni iliyomo ni kidogo zaidi. Kwa hiyo nguvu yake hupungua karibu kwa kadiri hiyo hiyo. Wengi wanaoilaumu giaboksi ya otomatiki wangepaswa kuilaumu hewa, ambayo haibagui aina ya gia.

Sasa tutazame tofauti yenyewe. Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa kwa klachi, nayo ni sahani inayobanwa kwa springi kati ya vyuma viwili. Dereva akikanyaga, sahani huachiwa. Akiachia, hubanwa tena, na kwa muda mfupi husuguana kabla ya kushikana. Kuondoka mlimani, nyuma lori na mbele ng'ombe, hutaka mguu uliofundishwa. Asiye nao huiunguza sahani, na harufu yake hujulikana na abiria wote.

Otomatiki hutumia mafuta badala ya sahani. Weka mapangaboi mawili yakitazamana, uwashe moja: upepo wake utalizungusha la pili ingawa halina umeme. Mahali pa hewa tia mafuta, uyafunge yote ndani ya bakuli la chuma, nawe umepata wazo la chombo kiitwacho konveta. Mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, ndiye aliyekibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli, naye alitia katikati gurudumu la tatu linaloyageuza mafuta yanayorudi ili yasukume tena badala ya kupinga. Kwa hila hiyo, gari linapoanza kuondoka, kani inayotoka huweza kukaribia maradufu ya ile iliyoingia. Basi, anayedai kwamba otomatiki haiwezi mlima amegeuza mambo juu chini. Isitoshe, kani hiyo huja kwa ulaini, na katika tope la masika kwenye vijia vya miteremko ya Meru ulaini huo huyazuia magurudumu kuteleza bure. Gharama yake ni joto: mafuta yanayosukumana kwa muda mrefu huchemka, kwa hiyo kupanda polepole katika D kwa kilometa nyingi ni kuitesa giaboksi, na dereva mwenye busara hushuka hadi 2 au L.

Lakini kupanda si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kushuka.

Tuchukue gari la kilo 2,500 linaloshuka kutoka Miriakamba hadi lango la Momella, tofauti ya kimo cha kama mita 1,000. Nishati inayopaswa kuondolewa ni 2,500 × 9.8 × 1,000, yaani megajouli 24.5. Nishati hiyo yatosha kuchemsha karibu lita 78 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20 (kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi). Kama yote ingeingia katika breki zenye chuma cha kilo 40, na hewa isipoze chochote, chuma kingefikia nyuzi zaidi ya 1,300, na chuma cha kalibu huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi! Bila shaka hewa hupoza sana, lakini mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi hesabu hii waone hatari ilipo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yaliyokwisha kufyonza unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Mapovu hutokea, na pedali huzama kama iliyokanyaga pamba.

Tarehe 24 Februari 2024, huko Kibaoni, Ngaramtoni, katika barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja kushindwa kwa breki. Breki huweza kushindwa kwa sababu nyingi, nami siitaji ajali ile ili kumhukumu dereva, bali kwa kuwa yatuonyesha breki zikikosekana gari huwa kitu gani.

Msaidizi wa breki ni injini yenyewe. Gia ikiwa ndogo, magurudumu huilazimisha injini izunguke upesi, ishinde msuguano wake na kuvuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa. Nishati ya mteremko huishia humo badala ya kuunguza breki. Hapa ndipo gia za mkono zina fadhila ya kweli: dereva huuona mteremko kwa macho yake akateua gia kabla hajaufikia. Otomatiki nyingi za zamani haziuoni. Dereva akiinua mguu, giaboksi hudhani kazi imekwisha na kuingia gia ya juu, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Dawa ipo mkononi mwake: herufi L, namba 2, au kile kitufe kinachowasha taa ya O/D OFF na kuizuia gia ya juu kabisa. Nasikitika kusema kwamba wenye magari wengi hawajapata kukigusa tangu walipolitoa gari bandarini.

Wengine hushuka kwa fri wakitumaini kuokoa mafuta. Katika injini za kabureta hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Injini za sasa, zinazonyunyiziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa katika gia. Likiwekwa fri, hulazimika kuchoma ili zisizimike. Anayeshuka kwa fri hulipa mafuta zaidi ili awe na breki chache zaidi.

Yamebaki mambo ya gereji. Betri ikifa, gari la gia za mkono husukumwa likawaka; otomatiki haiwaki hivyo, kwa kuwa shinikizo la mafuta linaloshikanisha gia zake hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini ile ile iliyozimika. Sahani ya klachi hubadilishwa na fundi yeyote mzoefu, ilhali giaboksi ya otomatiki yahitaji mtaalamu na mafuta maalumu. Na zile zisizo na gia za hatua, zinazotumia mkanda wa chuma, huharibika zikitiwa mafuta ya otomatiki za kawaida. Kwa anayeshinda katika foleni za Mnara wa Saa na Kijenge, mguu wa kushoto uliopumzika waweza kuwa thamani ya gharama hizo.

Mnunuzi wa otomatiki asiridhike kulijaribu gari kwenye lami tambarare. Alipeleke mteremkoni, aweke 2 kwa mwendo mdogo, ainue mguu na kusikiliza. Sauti ya injini ikipanda na gari likashikwa, giaboksi inafanya kazi yake. Likiendelea kuserereka kana kwamba liko fri, alirudishe kwa mwenyewe.