Mzee wangu na swali la Peter Drucker

Ni mwaka wa 11 sasa nalipwa kushauri makampuni ya watu hapa London. Mzee wangu anasafirisha mizigo kwenda Dar tangu 1998, na hakuwahi kuniomba ushauri hata siku moja. Mpaka mwezi uliopita. "Hivi wewe unayewashauri Wazungu, mimi nifunge au niendelee?"

Nikamkimbilia Peter Drucker, yule wanayemwita baba wa menejimenti. Nampenda kwanza kwa sababu ni mhamiaji kama wazazi wetu. Alizaliwa Vienna mwaka 1909, akachukua udaktari wa sheria Ujerumani. Wanazi waliposhika madaraka 1933, akaja London, na 1937 akahamia Marekani. Huko General Motors walimfungulia milango aichunguze kampuni yao kwa ndani, na 1946 akatoa kitabu. Silaha yake kama mshauri ilikuwa maswali.

Swali moja ni hili: kama leo usingekuwa kwenye biashara hii, ungeianza?

Nikamuuliza Mzee. Akakoroga chai muda mrefu. "Mapipa ya nguo? Hapana, mwanangu. Siku hizi watu wanatuma pesa kwa simu, nguo zipo Kariakoo."

Nilitaka kumwambia afunge tu. Lakini Drucker ana swali jingine: mteja wako ni nani, na yeye anathamini nini? Mwaka 1954 aliandika kwamba kazi ya biashara ni kumtengeneza mteja. Baadaye akaonya kuwa anachonunua mteja mara nyingi sicho unachodhani unamuuzia.

Basi tukafungua daftari lake. Kumbe wateja waliobaki wengi ni watu wazima wanaojenga nyumbani. Wanatuma vifaa vya ujenzi, na wanachomlipia hasa ni mtu wa kuaminika atakayeutoa mzigo bandarini na kuufikisha mpaka kiwanjani bila kitu kupungua. Mtu huyo anaye: Baba Mdogo, miaka yote hii.

Mzee ameacha mapipa. Anarudisha ghala kubwa, anabaki na dogo. Itatosha? Tutajua mwakani.

Siku ile akinisindikiza mlangoni akaniuliza, "Na wewe hiyo kazi yako, ungeianza leo?"

Nikasema nitampigia simu. Mpaka leo sijapiga.