Akipigwa shoti akasema ‘niko sawa’, usimwamini haraka

Kijana wako anajifunza ufundi umeme. Jioni anarudi nyumbani na kialama cheupe kidoleni, anakuambia, “Mchana nilipigwa shoti, lakini niko sawa.” Anakula, anaoga, anataka kulala.

Kabla hujamwacha alale, muulize maswali matatu. Ulikuwa umeme wa nyumbani au wa laini kubwa? Alizimia, au alishindwa kuachia waya? Na mkojo wake una rangi gani?

Swali la mwisho lisikushangaze. Umeme huacha kidonda kidogo kwenye ngozi huku ukiunguza misuli ndani. Misuli iliyoharibika humwaga protini kwenye damu, na protini hiyo ikizidi huharibu figo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili ya hatari. Moyo nao hufanya kazi kwa umeme wake mdogo, hivyo shoti inaweza kuvuruga mapigo yake au kuusimamisha kabisa.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa iwapo alizimia, ana maumivu ya kifua, moyo unakwenda mbio, ameungua, ana ganzi, mkono umevimba na kukaza, au umeme ulikuwa wa laini kubwa. Mjamzito na mtoto mdogo wapimwe hata wakionekana wazima. Huko daktari atapima mapigo ya moyo, damu na mkojo.

Moto bila kugusa waya

Wengi hudhani usipogusa waya uko salama. Sivyo. Kwenye mitambo mikubwa, bisibisi ikidondoka au kifaa kikigusisha nyaya mbili, umeme huweza kuruka hewani na kulipuka. Joto la mlipuko huo linaweza kufika karibu nyuzi 20,000 za Selsiasi. Huunguza uso na mikono, hudhuru macho na masikio, na nguo za nailoni huyeyuka na kuganda mwilini.

Akinaswa mbele yako

Usimshike. Zima meinswichi kwanza. Ikishindikana na ni umeme wa nyumbani, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu au plastiki. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali, zuia watu, na upigie simu shirika la umeme.

Akiwa hapumui, ita msaada na uanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Hapa Tanzania namba ya dharura ni 112. Palipoungua pamwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha pafunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na yai havitibu, bali huongeza hatari ya maambukizi. Aliyezimia asinyweshwe maziwa, yanaweza kumpalia.

Mafunzo ni kinga

Majeraha mengi ya aina hii yanazuilika. Fundi aliyefundishwa vizuri huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli ili mwingine asiuwashe, kisha hupima kwa tesa aliyohakikisha inafanya kazi. Huvua pete na saa ya chuma. Kwenye mitambo mikubwa huvaa nguo maalumu zisizoshika moto, glavu za umeme na kinga ya uso.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na kumpa mafunzo. Mzazi, unapompeleka mwanao kwa fundi, usiulize ada peke yake. Uliza pia kama atapewa glavu, na nani pale kazini anajua huduma ya kwanza.

Na kila asubuhi anapoaga, mkumbushe maneno matatu: zima, funga, pima.