Baba Bindi, mtu wa mamba na mtu wa nyumbani

Wiki hii hatuandiki juu ya bei ya unga wala juu ya minerval ya watoto. Tunaandika juu ya mwanaume mmoja aliyekufa mbali sana, katika inchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Sababu ni mtoto wa mwenzetu. Tulikuwa tumekaa kuhesabu franka za MUSO, naye alikuwa chini ya meza na telefone ya mama yake, akicheka peke yake. Tulipomwuliza anacheka nini, akatugeuzia kioo: muzungu mwenye kaptula ya kaki, amelala juu ya mgongo wa mamba, anaongea haraka haraka kama mtu anayeuza sabuni sokoni.

Swali la kwanza la wamama halikuwa juu ya mamba. Mmoja aliuliza, “Huyu naye ana bibi?”

Alikuwa naye, tena bibi aliyejua kukamata mamba kama yeye. Ndiyo maana tuliacha hesabu, tukaanza kutafuta habari zake.

Jina lake ni Steve Irwin, wa Australia. Kwetu angeitwa Baba Bindi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, basi nasi tutamwita hivyo. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1962, siku ambayo mama yake, Lyn, alitimiza miaka 20. Lyn alikuwa muuguzi wa wazazi. Baba yake, Bob, alikuwa fundi wa mabomba ya maji, lakini moyo wake ulikuwa kwa nyoka na mijusi. Mwaka 1970 walihamia Queensland, upande wa joto wa inchi yao, wakafungua bustani ndogo ya wanyama mahali panapoitwa Beerwah. Mama Lyn alilea watoto wa kangaruu waliofiwa na mama zao. Aliwashonea mifuko ya kitambaa ili wakae kama wako tumboni kwa mama. Katika nyumba ya namna hiyo, mtoto alipotimiza miaka 6 hakupewa viatu. Alipewa chatu wa karibu mita 4. Alipofika miaka 9, baba yake akamsimamia amkamate mamba wake wa kwanza.

Wengine watasema ni wazimu. Ila alipokuwa kijana alifanya kazi ambayo sisi tulio karibu na Ruzizi na ziwa Tanganyika tunaweza kuielewa. Mamba aliyezoea kukaribia watu, kule Queensland, mwisho wake ulikuwa risasi. Yeye alijitolea katika programu ya serikali ya kuwakamata wakiwa wazima na kuwahamisha. Alikaa porini na mbwa wake Sui, kwenye mito yenye mbu, akikamata mamba zaidi ya 100. Wengine walipelekwa mbali na watu, wengine wakaja kukaa katika bustani ya baba yake. Huku kwetu, watoto waliokua wakisikia habari za Gustave, yule mamba wa upande wa Burundi, wangependa kuwa na mtu kama huyo jirani.

Mwaka 1991 alichukua uongozi wa bustani ya wazazi wake. Mwaka uleule msichana wa Marekani, Terri, aliyekuwa akitunza wanyama wakali walioumia kwao Oregon, alikuja Australia kutembea. Akaingia pale bustanini, akamkuta kijana anaeleza watu habari za mamba kwa upendo, kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Baada ya miezi michache walikuwa wachumba, na tarehe 4 Juni 1992 walioana. Siku zao za kwanza za ndoa walizitumia porini, kuokoa mamba. Walichukua kamera, na ile filamu ndiyo ikawa mwanzo wa kipindi chao cha televizyo, kilichokuja kuonwa katika inchi zaidi ya 100. Tuliposoma hapo, wamama walicheka sana. Mmoja alisema kama ni yeye angerudi kwao siku ileile. Lakini Terri hakurudi.

Mtoto wao wa kwanza, Bindi, alizaliwa Julai 1998. Jina lake kamili ni Bindi Sue: Bindi ni jina la mamba mmoja aliyependwa na baba, na Sue linatoka kwa yule mbwa Sui. Kaka mdogo, Robert, alifuata Desemba 2003. Hao watoto hawakuachwa nyumbani wamngojee baba arudi na zawadi. Walibebwa. Walilala kambini, walipanda mashua, walijifunza kusimama mbali na maji kabla ya kujifunza kusoma. Kwetu mwanaume anayependa safari mara nyingi ana maisha mawili: moja la barabarani, ambalo bibi hajui kitu chake, na moja la nyumbani, ambako yeye ni mgeni wa siku tatu. Baba Bindi alikuwa na maisha mamoja tu, na ndani yake kulikuwa na watoto wake.

Pesa za televizyo hazikuenda katika majumba. Alinunua ardhi ili pori libaki pori. Mama yake Lyn alipokufa katika ajali ya motokari mwaka 2000, alimlilia sana, kisha yeye na Terri wakafungua hospitali ya wanyama kwa kumkumbuka, mwaka 2004, ndani ya ghala la zamani lililokuwa la kufungia avoka. Na mwaka 2003, alipokuwa akipiga picha za wanyama wa baharini upande wa Mexico, alisikia kwamba kuna wapiga mbizi wawili waliopotea. Aliacha kazi, yeye na watu wake wakaingia katika kutafuta. Mmoja alikutwa hai juu ya mwamba. Mwingine alikutwa amekufa.

Sasa tufike pale tulipogombana.

Tarehe 2 Januari 2004, mbele ya watu waliokuja kutazama, Baba Bindi aliingia kwa mamba mwenye urefu wa karibu mita 4. Mkono mmoja ulishika nyama ya kuku. Mkono mwingine ulimshika Robert, mtoto wa mwezi mmoja. Dunia nzima ilipiga kelele. Yeye alijitetea kwamba alimjua mamba yule, kwamba mtoto hakuwa hatarini, na kwamba mtoto anayekua kati ya mamba lazima awazoee mapema. Hakushtakiwa, lakini serikali ya Queensland ilibadilisha sheria ili watoto wasiingizwe tena walipo mamba.

Nusu yetu tulisema hapana, mtoto wa mwezi mmoja hata jua la saa sita hatumtoi. Wengine walijibu: na sisi tunaobeba watoto mgongoni ndani ya mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, bila hata koti moja la kuogelea, ziwa likichafuka, nani ametuandika kwenye magazeti? Yeye alichagua, sisi hatuna njia nyingine. Mabishano hayo hayakuisha. Maoni ya sisi tunaoandika ni kwamba siku ile alikosea. Mtu akizoea hatari miaka mingi, anaanza kuiona kama ng'ombe wa nyumbani, na mtoto hawezi kumwambia baba asimame.

Alikufa tarehe 4 Septemba 2006, akiwa na miaka 44. Alikuwa baharini, Batt Reef, kwa filamu ya viumbe hatari vya bahari. Hewa ilikuwa mbaya, kazi ikasimama. Badala ya kukaa bure, aliingia maji mafupi kuchukua picha kwa ajili ya kipindi ambacho Bindi mwenyewe alikuwa akitengenezewa. Pale kulikuwa na taa, samaki mpana kama ungo, ambaye kwa kawaida hukimbia watu, lakini mkiani ana mwiba mrefu. Mwiba ulimpiga kifuani. Huyo aliyelala juu ya mamba maisha yake yote aliuawa na samaki mpole, siku ya kazi nyepesi, akimfanyia mtoto wake kitu. Terri na watoto walikuwa Tasmania, mbali, kutembea milimani. Habari zilimfikia huko, watoto wakiwa naye.

Serikali ilitaka kumzika kwa heshima ya taifa. Familia ilikataa: alikuwa mtu wa kawaida, azikwe kama mtu wa kawaida. Alizikwa na watu wake, ndani ya bustani yao. Siku chache baadaye, tarehe 20 Septemba, watu zaidi ya 5000 walikusanyika katika uwanja wa mamba wa bustani ileile. Bindi, mwenye miaka 8, alisimama akasoma maneno yake mwenyewe juu ya baba yake, bila kulia, na watu wazima ndio walioshindwa kujizuia. Mwishoni motokari yake ya kazi, yenye vitu vyake vya porini juu, ilitolewa pole pole nje ya uwanja.

Hapa ndipo wajane katika kundi letu walipoanza kusema. Hawakuuliza juu ya samaki. Waliuliza: na bustani? Ndugu za bwana walikuja? Terri alibaki na nini?

Alibaki na kazi aliyoijua. Kwa miaka 14 aliifanya pamoja na bwana wake. Alibaki Australia na watoto, akaongoza bustani, na mwaka 2009 akapewa uraia wa inchi hiyo. Katika pori la hekta 135.000 lililopewa jina la marehemu bwana wake, kampuni ya madini ilitaka kuchimba boksiti. Terri alipigana nayo miaka kadhaa, mpaka mwaka 2013 serikali ikalilinda pori lile. Hakuolewa tena.

Kwetu kuna wanaume wanaokwenda penye hatari kila siku, na wengi si kwa kupenda safari. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa parke ya Virunga waliuawa siku moja, pamoja na dereva na raia 4. Rumangabo kuna nyumba ya kushonea ambamo wajane wa walinzi hufanya kazi, wanashona na kupata kitu cha kulisha watoto. Hayo ni mema. Lakini dada mmoja katika MUSO yetu, aliyefiwa na bwana ziwani, alituambia kwamba hakujua hata bwana wake alikuwa na sehemu gani katika mashua, wala nani alikuwa na deni lake. Ndoa yao haikuandikwa kwenye commune. Sheria ya familia ya inchi yetu inamtaja mjane kati ya warithi, lakini yeye alipofika ofisini waliomba karatasi, na karatasi haikuwepo. Alituambia hayo yote huku akiendelea kupanga noti za franka 500 kwenye mafungu, bila kuinua macho.

Bindi aliolewa Machi 2020, ndani ya bustani, bila wageni kwa sababu ya Covid. Kaka yake Robert ndiye aliyemsindikiza mahali pa baba, na wakawasha mshumaa kwa ajili yake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya ndoa, alizaa binti, Grace.

Na kuna picha moja ambayo mtoto wa mwenzetu alituonyesha kabla ya kunyang'anywa telefone. Robert aliitoa mwaka 2019. Kushoto ni baba yake, anamlisha nyama mamba anayeitwa Murray. Kulia ni Robert mwenyewe, miaka 15 baadaye, mahali palepale, nguo za kaki zilezile, mamba yuleyule amefungua kinywa. Tuliitazama kimya. Yule mama aliyekuwa wa kwanza kulaumu habari ya mtoto wa mwezi mmoja hakusema kitu. Aliomba telefone, akaivuta karibu na macho, akaitazama tena.