Unataka Kubadilisha Hambaka ya Gitaa Yako? Soma Hii Kabla Uchome Doo

Wasee wa gitaa, hii ni yenu. Kuna time nilichanga doo miezi minne nikanunua hambaka moto sana, ile ya kupiga metali. Shida ni kwamba bendi yenye nilikuwa nachezea ilikuwa ya rumba. Nilipofika shoo na kuanza sebene, sauti ilitoka nzito kama uji umelala. Zile noti za juu zinafaa kulia ting ting ting, zikawa zinakwama kwa koo. Kiongozi wa bendi hakuniambia kitu. Wiki iliyofuata nikasikia tu kuna msee mwingine amesimama mahali pangu.

So tuanze na hii kitu hufanya kazi aje. Pikapu ni sumaku imezungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya na kwenda kwa amplifaya. Lakini koili moja hudaka pia kelele za stima ya nyumba, ile "mmmmm" unasikia hata kama hujagusa gitaa. Hambaka iko na koili mbili. Ya pili imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Kelele ikiingia kwa zote mbili inajiua yenyewe, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ndio maana hambaka huwa nene na imetulia.

Jamaa anaitwa Seth Lover wa kampuni ya Gibson, Marekani, ndiye aliunda ile maarufu. Waliomba hati ya ubunifu 1955, gitaa za Les Paul zikaanza kuvaa hambaka 1957, hati yenyewe ikatoka 1959. Katikati hapo waliibandika kistika cha kusema hati imeombwa, na herufi zake, PAF, ndizo zilibaki kuwa jina. Mpaka leo ukiona hambaka imeandikwa "aina ya PAF", jua ni ile ya nguvu ya wastani, sauti wazi. Kama unapiga rumba, benga, gospo ama bluzi, anzia hapo.

Sasa muuzaji atakutajia kiloomu. Seymour Duncan '59 ya briji iko karibu 8, JB yao iko karibu 16. Usidhani 16 ni nguvu mara mbili. Waya ukiwa mwembamba zaidi omu zinapanda pia, na sumaku nayo iko na maneno yake. Alniko 2 ni laini, Alniko 5 inauma kidogo na besi yake imebana, seramiki ni kali kabisa. DiMarzio Super Distortion ya miaka ya 70 ni ya seramiki, na kazi yake ilikuwa kusukuma ampu za valvu mpaka zinguruме. Raha tupu kwa roki. Kwa sebene, mimi nishakuambia.

Halafu kuna zile za betri, kama EMG 81 yenye James Hetfield wa Metallica alipiga miaka mingi. Hizo ziko na kisakiti cha kukuza sauti ndani, zinatumia betri ya volti 9, na zimenyamaza kabisa kwa kelele. Lakini usichanganye na poti za kawaida. Hambaka ya kawaida hupenda poti za kilo 500, EMG huja na zake za kilo 25. Fundi wako asipojua hiyo, tafuta fundi mwingine.

Pima pia nafasi ya nyuzi. Gitaa ya Floyd Rose nyuzi zake zimeachana kidogo, inataka hambaka pana, karibu milimita 53 badala ya 50 hivi. Na ya briji isiwekwe shingoni ovyo: pale briji nyuzi hutetemeka kidogo, so ya huko huzungushwa waya zaidi. Ukiipeleka shingoni inatoa matope.

Lakini kabla utoe hata thao moja, chukua bisibisi. Shusha pikapu yenye uko nayo kidogo, usikize, shusha tena. Ikiwa karibu sana na nyuzi sumaku inazivuta na tuni inayumba. Weka nyuzi mpya pia. Mimi nilirudisha ile pikapu ya kwanza, ile nilikuwa nadharau, nikaishusha kama milimita mbili, na ndiyo napiga nayo hadi leo. Ile moto nilimuuzia kijana wa metali kwa hasara.

Na kama wewe ni wa EMG, ukimaliza kupiga chomoa kebo kwa gitaa. Ikiachwa ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha, na itakufia katikati ya shoo.