Nasaba ya Daktari Nunes

Mwezi Julai 1733, miezi mitano tu tangu Waingereza waanze kufyeka msitu na kujenga mji wa Savannah katika koloni jipya la Georgia, meli iitwayo William and Sarah ilitia nanga ikiwa na Wayahudi wapatao 42. Wadhamini wa koloni, waliokuwa London, hawakuwataka. Lakini homa ilikuwa inawamaliza walowezi, daktari waliyekuja naye alikwisha kufa, na kati ya wageni hao alikuwamo tabibu aliyeitwa Samuel Nunes. Aliwatibu wagonjwa na vifo vikapungua. James Oglethorpe, mkuu wa koloni, aliwaandikia wadhamini akimsifu, kisha akawagawia Wayahudi viwanja bila kujali manung'uniko ya London.

Kwa mtafiti wa nasaba, hadithi ya ukoo huu haianzii kwenye meli hiyo. Kanuni ya kazi yetu ni kuanza na unayemjua kwa hakika na kurudi nyuma kizazi kwa kizazi, kila kiungo kikishikiliwa na maandishi. Kwa ukoo wa Nunes kanuni hiyo inakwama London, walikokimbilia kwanza, kwa sababu ukivuka bahari kwenda Ureno walikotoka hakuna mtu anayeitwa Samuel Nunes. Yupo Diogo Nunes Ribeiro, mganga wa Lisbon, Mkatoliki kwa cheti cha ubatizo.

Ureno iliwalazimisha Wayahudi wake kubatizwa mwaka 1497. Wazao wao waliitwa Wakristo Wapya, na waliodhaniwa kushika dini ya mababu kwa siri waliwindwa na mahakama ya kanisa, Inkwizisheni, iliyoanzishwa huko mwaka 1536. Familia nyingi ziliishi hivyo kwa karne mbili: jina la Kikristo kanisani na barazani, imani ya Kiyahudi nyuma ya mlango uliofungwa. Waliofanikiwa kutorokea London walijitangaza, wanaume wakatahiriwa hata wakiwa na mvi, na kila mmoja akachukua jina jipya kutoka katika Biblia ya Kiebrania. Diogo akawa Samuel. Binti yake Maria Caetana akawa Zipporah. Wanandoa waliooana kanisani Ureno walifungishwa ndoa upya kwa sheria ya Kiyahudi, na daftari la ndoa la sinagogi ya Bevis Marks liliwatambulisha kwa maneno mafupi kwamba wametoka Ureno. Kwa mtafiti maneno hayo ni ufunguo: humwambia kwamba ndoa anayoisoma si mwanzo wa familia, na kwamba bwana na bibi harusi huenda tayari wana watoto wakubwa.

Ukoo wenyewe ulikuwa na simulizi yake ya kutoroka. Ilisemwa kwamba daktari alikuwa na jumba kando ya mto Tagus, akaandaa karamu kubwa, na nahodha wa meli ya Kiingereza akawaalika wageni wapande kula chakula melini. Wakiwa mezani, tanga zikapandishwa, na walipotanabahi wako baharini. Ni simulizi tamu, na wazao wake waliirithishana hadi Marekani. Mimi huithamini kama kumbukumbu ya hofu waliyoishi nayo. Ushahidi wa nasaba uko kwingine, mahali ambapo familia isingependa tuende: kwenye majalada ya Inkwizisheni yenyewe, yaliyohifadhiwa Lisbon katika nyaraka za taifa za Torre do Tombo.

Diogo alikamatwa na mahakama hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1700. Kila mshtakiwa alikuwa na kikao kimoja ambacho hakihusu kosa lake hata kidogo. Alitakiwa ataje wazazi wake, babu na bibi wa pande zote mbili, ami, wajomba na shangazi, ndugu, mke na watoto, nani yu hai na nani amekufa, nani aliolewa na nani. Karani aliandika yote. Lengo lilikuwa kupata watu wengine wa kukamata, maana kila jina lililotajwa liliweza kufunguliwa jalada lake. Miaka mia tatu baadaye, orodha hizo zilizochukuliwa kwa vitisho ndizo zinazotuwezesha kuupanga ukoo. Kwa njia hiyo tunajua, kwa mfano, kwamba daktari wa Savannah alikuwa na uhusiano wa damu na António Nunes Ribeiro Sanches, mpwa wake, aliyekuja kuwa tabibu katika kasri la watawala wa Urusi.

Savannah haikuwashika kwa muda mrefu. Ilipofika 1740, vita kati ya Uingereza na Hispania viliikaribia Georgia kutoka Florida, na Wayahudi wa asili ya Ureno walijua vizuri Mhispania akishinda watafanywa nini. Karibu wote walihama, wengi wakielekea Charleston na New York. Walibaki hasa Sheftall na Minis, familia za asili ya Kijerumani ambazo hazikuwa na jalada Lisbon. Bahati yetu ni kwamba Benjamin Sheftall aliweka daftari la waliofika, waliozaliwa, waliooana na waliokufa, na mwanawe Levi akaliendeleza.

Zipporah aliolewa na David Mendes Machado, aliyekuja kuwa kiongozi wa ibada wa sinagogi ya Shearith Israel, New York. Wajukuu walisimulia kwamba hata uzeeni midomo ya bibi huyo ilinong'ona sala za Kiebrania huku vidole vikihesabu shanga za rozari, mazoea ya utoto wa Lisbon. Binti yake Rebecca aliolewa mwaka 1762 na Jonas Phillips, mhamiaji kutoka Ujerumani, wakazaa watoto 21.

Hapo ndipo desturi ya majina inapomsaidia mtafiti. Wayahudi wa asili ya Ujerumani na Poland hawampi mtoto jina la babu aliye hai. Wale wa asili ya Ureno na Hispania humpa kwa furaha, kama yanavyofanya makabila mengi ya Afrika Mashariki. Rebecca alimwita mmoja wa mabinti zake Zipporah wakati bibi yake yungali hai, ingawa baba wa mtoto alikuwa Mjerumani. Jina hilo moja linaonyesha desturi ya upande gani ilishinda katika nyumba ile. Zipporah huyu mdogo ndiye mama wa Mordecai Manuel Noah, mwandishi aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Tunis. Rachel, ndugu wa Zipporah huyo, ndiye mama wa Uriah Phillips Levy, afisa wa jeshi la majini aliyelinunua Monticello, shamba la hayati Rais Thomas Jefferson, katika miaka ya 1830. Kaburi la Rachel liko hapo mpaka leo.

Tawi hili limechapishwa mara nyingi, likiwamo katika kitabu kikubwa cha nasaba cha Rabi Malcolm Stern cha mwaka 1960. Kuna tawi jingine ambalo lilikaa gizani, nalo ndilo linalonigusa zaidi.

Moses Nunes, mwana wa daktari, alifanya kazi Georgia kama mkalimani wa lugha za Wahindi Wekundu na ofisa wa forodha bandarini. Alizaa na mwanamke aliyeitwa Rose, chotara ambaye majina ya wazazi wake hayakuandikwa popote pamoja na lake. Katika wasia wake, kabla ya kufariki mwaka 1787, Moses aliwataja watoto wa Rose kuwa wanawe na kuwathibitishia uhuru wao. Bila wasia huo, watoto hao wangepotea kabisa katika mti wa ukoo. Mmoja wao alikuwa James.

Joseph, mwana wa James, aliishi kama mtu huru katika wilaya ya Burke. Alimpa jirani mweupe watumwa kadhaa, na Joseph alipofariki msimamizi wa mirathi akaenda mahakamani kudai zawadi hiyo ni batili. Mwaka 1853 Mahakama Kuu ya Georgia iliamua kwamba mtu huru mwenye damu ya Kiafrika hana haki ya kugawa watumwa. Baada ya hapo kesi yote iligeuka kuwa utafiti wa nasaba. Majirani waliitwa mmoja mmoja kueleza James alikuwa na nywele gani, rangi gani, aliketi na nani mezani. Mmoja akisema alikuwa Mreno, mwingine Mhindi Mwekundu, mwingine Mwafrika. Kesi iliendelea hadi miaka ya 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikipiganwa.

Kwa mara ya pili, basi, ukoo wa Nunes uliandikwa na mahakama iliyotaka kujua damu ya mtu ili impunguzie haki. Anayetaka kulijua tawi la Rose leo anasoma ushahidi wa majirani wale, akichuja chuki yao na kubaki na majina. Kuhusu watumwa waliogombaniwa, ambao nao walikuwa na mama na babu zao, mahakama haikuuliza swali hata moja la ukoo.