Kura ya Mgombea Mdogo Haiharibiki

Wiki iliyopita nimeulizwa tena, asubuhi Makina, jioni Kawangware: "Mwalimu, nikimpigia mgombea mdogo, si nimeharibu kura?" Swali hili limenichosha, maana mara nyingi anayeuliza ameshaamua kubaki nyumbani.

Kura iliyoharibika ni kama ile uliyoweka alama kwa wagombea wawili. Katika uchaguzi wa urais wa 2013 zilikataliwa zaidi ya 108,000, na Mahakama ya Juu ikaamua haziingii katika kukokotoa asilimia. Lakini kura 52,848 za mgombea mdogo Mohamed Abduba Dida ziliingia zote.

Kisha huja dai la pili, kwamba kura hiyo inamfaidi anayeongoza. Katika urais, inamzuia! Kifungu cha 138 cha Katiba ya Kenya kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Kwa hiyo kila kura mbili mpya za mgombea mdogo zinampandishia kiwango hicho kwa kura moja. Mwaka 2022 William Ruto alipata 7,176,141, George Wajackoyah 61,969, David Mwaure 31,987. Ruto aliipita nusu kwa kura zisizofika 70,000. Wangejitokeza watu wengine 140,000 hivi wakawapigia hao wawili wa mwisho, tungerudi vituoni ndani ya siku 30. Na waliojiandikisha wasifike kituoni walipita milioni 7. Milioni saba, jamani.

Marekani hofu ya kuharibu kura ina mashiko: mwaka 1992 Ross Perot alipigiwa karibu asilimia 19 ya kura za wananchi, asipate hata mjumbe mmoja wa kumchagua rais. Lakini hatupigi kura kwa katiba yao.

Ubunge, nakubali, ni hesabu nyingine: mwenye nyingi ndiye mshindi. Hata hivyo, waliolia kwamba kura ziligawanywa katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kibra mwaka 2019 wajumlishe 11,230 za McDonald Mariga na 5,275 za Eliud Owalo, waone kama zinazifikia 24,636 za Imran Okoth.

Na kama mgombea mdogo unayemtaka ni huru, asiye na chama? Jiandikishe mapema, uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mtilie sahihi: wa wadi anahitaji wapigakura 500, wa ubunge 1,000. Kama bado yuko chamani, muulize kama atakiacha angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Jitolee kuwa wakala wake, kwa sababu wagombea huru wengi hawana pesa za kulipa mawakala, na usiondoke kituoni kabla hujapiga picha fomu ya matokeo ikiwa imebandikwa mlangoni.