Tanuri la Kupozea Shanga za Kioo

Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti katika eneo la Rufiji, akizihusisha na biashara ya enzi ya Dola ya Kirumi. Shanga hizo zimedumu ardhini kwa karne nyingi. Yafaa basi kuuliza: kwa nini ushanga mmoja hudumu, na mwingine hupasuka hata kabla ya kutungwa?

Sababu moja kubwa ni namna ya kupoa. Kioo hupitisha joto kwa shida. Ushanga utokapo motoni, sehemu ya nje hupoa na kukakamaa ilhali kiini kingali cha moto. Baadaye kiini nacho hunywea, lakini huzuiwa na sehemu iliyokwisha kukakamaa. Hapo ndipo mvutano uzaliwapo. Mvutano huo hauonekani kwa macho, nao huweza kuupasua ushanga siku nyingi baadaye, ukiwa shingoni mwa mtoto. Unene huzidisha hatari: unene ukiwa maradufu, mwendo wa kupoza hauna budi kupunguzwa mara nne.

Kioo cha chupa, ambacho hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, hutulizwa kwa kushikiliwa katika joto la nyuzi 550 hivi za Sentigredi, mpaka joto lienee sawasawa. Kisha hupozwa taratibu, kwa mfano nyuzi 60 kwa saa, hadi chini ya nyuzi 400.

Kwa hiyo, anayechagua tanuri la kupozea asivutwe na ukali wa moto wake. Kuyeyusha kioo ni kazi ya moto mwingine. Kwanza, joto liwe sawa kila pembe. Jiko la mkaa hufikia nyuzi 550 kwa urahisi, lakini upande mmoja huwaka kuliko mwingine. Pili, liwe na kipimajoto cha nyaya za metali mbili, maana kile cha zebaki hakifai kwa joto hilo. Tatu, kuta ziwe nene, za matofali mepesi yenye vitundu, ili umeme ukikatika joto lisitoroke kwa ghafla. Mlango nao uwe mdogo, shanga mpya ziingizwe bila kuzipoza zilizotangulia.

Fundi mwenye tanuri dogo linaloshika joto ana zana bora kuliko mwenye tanuri kubwa lisilotawalika.